Fungua Mdomo Ndipo Uingie Sinema

Kwa miaka mingi niliamini, tena kwa moyo mkunjufu, kwamba mtoto akitishwa na sinema wakati meno yake ya ukubwa yako njiani kuota, meno hayo yanashtuka, yanageuka, yanarudi ndani ya ufizi na hayatoki tena mpaka mwenyewe anazikwa. Nilikulia kwenye mashamba ya kahawa hapa Karatu, na habari hii nilipewa na mzee aliyesimamia mashine ya kumenyea buni. Alikuwa mtu wa Singida kama baba yangu. Aliwahi kuitengeneza mashine ile baada ya fundi wa kutoka Arusha kuinua mikono, kwa hiyo sikuona kwa nini nimtilie shaka kwenye meno.

"Jino jipya ni konokono," alituambia. "Likisikia kishindo, linarudi nyumbani kwake."

Yeye mwenyewe alikuwa na mapengo ya kutosha, na alisema aliyapata utotoni kwa sinema ya vita iliyoletwa shambani na gari. Nilitaka ushahidi gani mwingine?

Naliweka jambo hili mbele kwa sababu ninyi vijana mnaoipokea projekta yangu mmeniomba niwaandikie tulivyokuwa tukiamua sinema ipi inafaa watoto wadogo na ipi itawakosesha usingizi. Siwezi kueleza kazi hiyo nikayaacha meno. Ya vyeo sitayaandika. Havikuwa vingi, na kimoja kilikuwa cha kutunza funguo.

Kazi niliipata kwa sababu ya sauti. Kituo chetu cha watoto kilikuwa na vitabu, mikeka, na gari la sinema lililozunguka vijijini, lakini sinema zote zilikuwa za Kiingereza. Alitakiwa mtu wa kushika kipaza sauti na kuzigeuza kwa Kiswahili papo hapo, watu wanavyofanya kwenye vibanda vya video, ila bila matusi. Mkuu wa kituo alikuwa Mama Basilisa, mwalimu wa chekechea, Mwiraqw wa upande wa Mbulu, mwanamke mrefu aliyevaa mabuti ya mvua masika na kiangazi. Aliniita nje, akaniambia nisimame karibu na nguzo ya umeme, yeye akaenda kusimama ng'ambo ya uwanja.

"Sema kitu," akapaza sauti.

Nikasema kitu. Kuku wa jirani walihama, na nasikia wengine hawajarudi hadi leo.

"Sauti ipo," alisema aliporudi. "Kiingereza je?"

"Ninacho, Mama. Nilikisoma masomo ya jioni, baada ya kazi ya shambani."

"Kwa hiyo kinasinzia."

"Kinasinzia kidogo. Lakini ukikigusa kinaamka."

Akacheka, nikaajiriwa. Tangu siku hiyo akaniita Baba Zuhura, kwa jina la binti yangu, na mimi sikuwahi kumwita jina lisiloanza na Mama, hata nyakati zile tulipokuwa tumenuniana kwa sababu ya joka la kwenye sinema.

Siku ya kwanza nilipewa kazi ya mlangoni. Ilikuwa sinema ya majitu, na Mama Basilisa aliniambia, "Hii ina vishindo. Angalia nani anaingia." Hakuniambia niangalie nini. Mimi nilidhani kila mtu mwenye akili anajua. Nikawapanga foleni, nikasema, "Fungua mdomo."

Mtoto mwenye meno yote ya utoto, mdogo kabisa, anayebebwa mgongoni, nilimpitisha. Meno yake yalikuwa hayajaanza safari, kwa hiyo hakukuwa na cha kushtua. Mtoto mwenye pengo, mwanafunzi wa darasa la kwanza na la pili, nilimzuia, maana huyo meno yalikuwa barabarani. Mmoja akanikazia macho, mikono kiunoni.

"Mbona mdogo wangu ameingia? Yule bado anakojoa kitandani."

"Kukojoa si neno. Wewe una pengo."

"Pengo limefanya nini?"

"Halijafanya. Tunalilinda lisifanye."

Mama Basilisa akapita, akakuta wakubwa wote wako nje na wachanga wote wako ndani. Akauliza kuna nini. Nikamjibu, "Meno, Mama." Akawatazama vinywani, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, "Ni kweli. Kapigeni mswaki, mje kesho." Kumbe wiki ile alikuwa akiwafundisha usafi wa kinywa, akaona nimemuunga mkono bila kuambiwa. Mbele ya walimu wote akanisifu kwamba mimi ni mtu wa afya. Kesho yake watoto wakarudi wakinukia dawa ya meno, mapengo yakiwa palepale, nami nikawaketisha nyuma kabisa, mbali na spika. Basi tukaishi hivyo, yeye na mswaki wake, mimi na konokono wangu, kila mmoja akidhani mwenzake anamwelewa. Ziko ndoa zilizodumu kwa msingi dhaifu kuliko huo.

Sasa niwaambie namna Mama Basilisa alivyofanya kazi, maana hiki ndicho mnachopaswa kukichukua, na sijaona mtu mwingine akikifanya.

Sinema mpya aliitazama kwanza ofisini, peke yake na mimi, mara moja tu. Mara ya pili aliiweka mbele ya watoto wachache wa kituo, kisha akakaa akiipa mgongo. Alikuwa anavuta kigoda, anakiweka chini ya kitambaa cheupe, anawageukia watoto, na sinema nzima inapita nyuma ya kichwa chake. Majoka yaliruka juu ya kilemba chake, yeye anatazama miguu ya watoto.

"Kwa nini miguu?" nilimuuliza.

"Uso wa mtoto una aibu. Akiwa na wenzake atacheka hata akiwa amekufa kwa woga. Vidole vya miguu havijui kuona aibu."

Na ni kweli. Mtoto aliyenogewa vidole vyake vinacheza. Aliyetishwa kidogo, kwa ule utishwaji mtamu, anakunja vidole halafu anavikunjua. Aliyetishwa kweli anavikunja na havikunjuki, na kisigino kinaanza kutafuta mlango. Hapo Mama Basilisa alikuwa anainua kidole kimoja, nami napunguza sauti. Sauti kwanza, daima. Picha ya jitu bila ngurumo ni mtu mnene tu anayetafuta viatu vyake. Mlango tuliuacha wazi, hata jua lilipoiharibu picha, kwa sababu mtoto anayeona mlango hahitaji kuutumia.

Jambo lililotugombanisha ni mwisho. Yeye alitaka niwaambie watoto mwisho wa hadithi kabla haijaanza. Mimi, mwenye kipaza sauti, niliona ananipokonya chakula mdomoni.

"Mama, utamu wote unaisha."

"Utamu wa nani?"

"Wa watoto."

"Wako huo. Mtoto akijua kwamba yule binti atafika nyumbani, atakufuata mpaka tumboni mwa joka. Asipojua, atabaki mlangoni na kisigino chake."

Tulijaribu njia zote mbili, yake na yangu, na njia yangu ilijaza ua watoto waliokuwa wanakwenda chooni pasipo haja. Tangu hapo nilianza kila sinema kwa kuutangaza mwisho, kwa sauti ileile iliyohamisha kuku.

Kuna siku tulikosea, na nawaambia ili msidhani kazi hii ni ya kukisia. Tuliletewa sinema mbili. Moja ilikuwa na joka la moto linalochoma mji mzima, nyingine ilikuwa na mwanamke mpole wa majini anayeishi kisimani na kuimba. Tukaizuia ya joka tukaonyesha ya kisima, kwenye vijiji vya juu vya wakulima. Hakuna aliyelia. Lakini huku kwetu chemchemi ina wenyewe, na hilo mtoto analijua kabla ya kulijua jina lake kamili. Asubuhi iliyofuata hakuna mtoto aliyekubali kwenda na ndoo. Akina mama walikuja kituoni na ndoo zenyewe wakaziweka mbele ya Mama Basilisa, wakasema, "Mwalimu, teka wewe." Na aliteka. Kwa muda mrefu alikuwa anatangulia chemchemini na mabuti yake, watoto nyuma, mpaka wakazoea tena. Nami nilibeba ndoo nyingi kiasi kwamba mkono wangu wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto. Tangu hapo, kabla ya kupeleka sinema mahali, aliuliza kwanza watoto wa pale wanaogopa nini nyumbani kwao. Sinema ya joka tuliionyesha baadaye, wakaiomba tena na tena, wengine wakasema lile joka lingefaa kuchoma matofali.

Ndipo ikaja sinema ya jiwe.

Ilikuwa hadithi ya binti mdogo anayeishi mlimani na mama yake. Jitu la barafu linashuka, linampulizia mama, mama anageuka jiwe pale pale mlangoni, mkono wake umenyooshwa. Binti anavuka msitu unaotembea, akiwa na mbuzi mwenye vichwa viwili visivyoelewana, anapata moto chini ya mlima, anarudi, na jiwe linakuwa mama. Niliitazama ofisini nikalia, nikasingizia vumbi, na ilikuwa masika.

"Jitu litawatisha," nikasema. "Lina meno." Mimi, bila shaka, nilikuwa nawaza ya watoto.

"Jitu si kitu," akasema Mama Basilisa. "Mama ndiye kitu."

Alikaa nayo siku kadhaa kabla ya kuamua. Tukaionyesha Karatu kwa masharti yake: watoto waambiwe mwisho, kila mdogo awe na mtu mzima wa kumpakata, na sinema isizimwe katikati hata nyumba ikiungua. Ikapita salama. Vidole vilikunjwa na kukunjuliwa. Yule mbuzi walimpenda hata wakaanza kuitana vichwa.

Safari iliyofuata ilikuwa Kakesio, kijiji cha wafugaji wa Kimaasai ng'ambo ya kreta, na mimi nilikuwa sijawahi kufika huko. Tulipanda ukingo wa kreta kwenye ukungu mzito ambao ungeweza kukatwa vipande na kuuzwa mnadani, tukashuka upande wa pili penye jua na vumbi, tukafika mchana. Mwalimu Lekishon, mwalimu wa darasa la awali, alitupokea. Wazazi walikuwa wamekopesha mashuka yao mekundu yazibe madirisha ya darasa, na mwanga ndani ukawa mwekundu kama tuko ndani ya tunda.

Watoto wakaja mbio, wakaniinamishia vichwa niwaguse utosini, ndivyo wanavyomwamkia mtu mzima. Nikawagusa. Halafu nikasema, "Fungua mdomo."

Mwalimu Lekishon akawatafsiria kwa Kimaasai. Wakafungua. Wa kwanza alikuwa na pengo chini, katikati. Wa pili pengo, chini, katikati. Wa tatu vilevile. Nikaenda mpaka mwisho wa foleni, karibu kila mdomo ulikuwa na kimlango palepale. Kijiji kizima kilikuwa kimepigwa na kishindo.

"Mwalimu," nikamnong'oneza, "ni sinema gani ilipita hapa?"

"Hakuna. Hii ndiyo ya kwanza."

Nikamtazama kwa huruma. Nilidhani anaficha msiba wa kijiji.

Mama Basilisa hakuwa na habari na meno. Alikuwa ameshamuuliza Lekishon swali lake la kila mahali, watoto wa hapa wanaogopa nini, na jibu alilopewa lilimfanya akae kwenye kizingiti.

"Simba wanamjua," alisema Lekishon. "Fisi wanamfukuza kwa mawe. Jitu lenu sijui kama watalisalimia. Ila kuna mmoja, Nasieku, yule pale na bibi yake. Mama yake aliugua kifua, akachukuliwa na gari kwenda hospitali ya Karatu. Mtoto akaambiwa mama amekwenda mnadani."

"Lini hiyo?"

"Mwalimu, ni mnada gani usiokwisha? Sasa haongei na mtu. Anaongea na ndama."

Nasieku alikuwa mdogo, wa umri wa kuachiwa ndama, hajafika wa kuchunga ng'ombe. Alisimama ameshika kona ya shuka la bibi yake, ananitazama kama mtu anayesubiri nimalize upuuzi wangu.

"Tusiionyeshe," nikasema. "Tuna ile ya tembo anayeruka."

"Watoto wengine wameshaambiwa ni ya jitu," akasema Lekishon. "Wamekuja tangu asubuhi."

Mama Basilisa akainuka, akaenda kwa bibi. Hakujaribu kuamua yeye. "Mwambie koko," alimwambia Lekishon, na koko ndiyo bibi kwa lugha yao, "sinema hii ina mama anayegeuka jiwe mbele ya mtoto wake. Mwisho anakuwa mtu tena. Ninaweza kumkalisha mtoto nje na mimi, tukacheza. Yeye ndiye anamjua."

Yule bibi alikizungusha kikuku cha shanga mkononi. Jibu lake Lekishon alilitafsiri taratibu.

"Anasema sisi tulimdanganya, na mtoto anajua tulimdanganya, ndiyo maana ameacha kutuuliza. Kama kuna kitu kwenye nguo yenu nyeupe kitakachomfanya aulize, aingie. Atampakata mwenyewe."

Tukaanza. Nilitangaza mwisho, Lekishon akautangaza kwa Kimaasai, jenereta likanguruma nje mpaka nadhani simba wa kreta walijibu. Kila neno lilisafiri kutoka Kiingereza cha kwenye spika, likapita kwenye Kiingereza changu cha jioni, likawa Kiswahili, likawa Kimaasai, na lilipowafikia watoto lilikuwa limechoka lakini bado liko hai. Jitu lilipotokea walicheka. Mvulana mmoja akasema kitu, darasa zima likaanguka kwa kicheko.

"Anasema," Lekishon akanieleza, "mtu anayetembea kwa kelele namna hiyo hajawahi kuchunga."

Kisha jitu likapuliza. Mama akawa jiwe. Kicheko kikakatika.

Mama Basilisa alikuwa kwenye kigoda chake, mgongo kwenye picha, macho kwenye miguu ya mtoto mmoja tu. Niliona uso wake ukibadilika. Nasieku alishuka mapajani mwa bibi yake. Alipita katikati ya wenzake, akafika kwenye kitambaa, akaweka kiganja juu ya lile jiwe. Kivuli cha mkono wake kikaufunika mkono wa mama. Jenereta peke yake likabaki kusema.

Nikanyoosha mkono kuizima.

"Usizime," akasema Mama Basilisa.

"Mama, mtoto..."

"Ukizima hapa, mama anabaki jiwe. Atalala naye hivyo hivyo. Punguza sauti."

Nikapunguza. Na Nasieku, ambaye hakuwa ameongea na mtu, akageuka akaniuliza mimi, mtu wa kipaza sauti, swali kwa lugha yake. Lekishon alilimeza kwanza ndipo akalitoa.

"Anauliza, akiwa jiwe, anasikia?"

Kwenye sinema, wakati huohuo, yule binti alikuwa ameweka sikio lake kifuani pa jiwe na anasema maneno. Yale maneno hata leo sijui ni nini. Yalikuwa Kiingereza cha mchana kabisa. Nikamtazama Mama Basilisa, naye akaniinamishia kichwa.

"Anasikia," nikasema, na safari hii sikutumia kipaza sauti. "Hawezi kujibu. Lakini anasikia."

Lekishon akatafsiri. Nasieku akakaa palepale alipokuwa, chini ya kitambaa, karibu na mabuti ya Mama Basilisa. Mama Basilisa hakumkumbatia wala kumfuta uso. Alisogeza tu mguu wake, mtoto akauegemea. Wakakaa hivyo mpaka msitu ukatembea, mbuzi akagombana na kichwa chake, moto ukapatikana, na jiwe likapumua. Watoto walipiga kelele za furaha. Nasieku hakupiga. Alirudi kwa bibi yake na kumuuliza jambo lenye maneno mawili tu, na sikuhitaji mkalimani.

Yule bibi akamwambia ukweli. Alimwambia Karatu, akamwambia hospitali, akamwambia kifua. Alipoulizwa atarudi lini, akasema hajui. Nilitaka kuongeza kwamba kwenye sinema alirudi, lakini Mama Basilisa alinikanyaga.

"Yule ni mama wa kwenye nguo," alimwambia mtoto kupitia kwa Lekishon. "Wa kwako ana kitanda na ana daktari, na mimi sijui Mungu amepanga nini. Lakini masikio anayo. Sema hapa, tutampelekea."

Akatoa simu yake, akabonyeza kurekodi. Nasieku aliishika kwa mikono miwili, akaongea kwa muda ambao ningeweza kujaza mafuta na kubadilisha tairi. Mimi sikuelewa neno, ila Lekishon alininong'oneza kwamba ni habari za ndama.

Siku tuliyorudi Karatu tulikwenda hospitali kabla ya kupeleka gari kituoni. Mama Nasieku alikuwa amelala ameuelekea ukuta. Muuguzi alituambia dawa anameza akilazimishwa, chakula kinarudi kilivyokuja, na kwamba mgonjwa aliyeugeukia ukuta ni kazi ngumu kuliko mgonjwa anayegombana. Mama Basilisa hakujitambulisha sana. Aliweka simu kwenye mto, karibu na sikio, akabonyeza.

Tuliona bega likitulia. Halafu mwanamke akageuka, polepole, kama gari linalogeuza kwenye njia nyembamba. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa Kiswahili, "Tena." Tukairudia. Mara ya tatu akaanza kutueleza mwenyewe, huku akicheka na kukohoa.

"Anasema ndama mwekundu ametafuna shuka langu la buluu. Amemchapa, lakini kidogo. Anasema uji wa koko una madonge. Anasema..." Akasimama hapo, akajifuta kwa kona ya shuka la hospitali. "Anasema, ukiwa jiwe usijisumbue kujibu, sikia tu, halafu uje."

Kisha akamuuliza muuguzi kama ule uji wa asubuhi bado upo.

Nimeona vyeti vingi vikitolewa katika kazi hii, na Mama Basilisa hakupata hata kimoja. Siku hizi yuko Mbulu anafuga nyuki, na sina shaka anawatazama miguu. Lakini kama mtaulizwa siku moja tulijuaje kwamba sinema fulani inatisha kupita kiasi, jibuni kwamba alikuwepo mtu aliyeipa sinema mgongo.

Mama Nasieku alikaa hospitali mpaka kifua kikapoa, na daktari alipomruhusu, gari letu lilikuwa linakwenda tena Kakesio. Akapanda mbele, Mama Basilisa akakaa nyuma na spika. Nilikuwa naendesha. Tulipofika juu kwenye ukungu Mama Nasieku alianza kusimulia habari za ndama, akicheka, nami nikageuka kumtazama, nikaona. Chini, katikati. Pengo lilelile.

Tukapita kona mbili.

"Mama Nasieku," nikasema, "samahani. Wewe ulitishwa na sinema ipi?"

"Sinema ipi?"

Nikamweleza yote: konokono, mzee wa mashine, mapengo ya watoto wa Kakesio, na jinsi ninavyohofu kwamba binti yake sasa hatapata meno kwa sababu ya jitu letu. Nyuma nilisikia spika ikianguka. Mama Basilisa alikuwa amejishika mbavu, hawezi kuongea, miaka yote ya mswaki ikimpitia kwa mara moja. Mama Nasieku hakucheka. Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mgeni aliyepotea njia akiwa karibu na nyumbani.

"Baba," akasema, "tunayang'oa sisi wenyewe. Yangu aliyang'oa bibi yangu, ya Nasieku aliyang'oa mama yangu. Ni mila. Meno hayajui kitu chochote kuhusu sinema. Angalia njia, mtoto wangu ananingoja."